Kompleksi ya salfa imegoma: soma bika kabla ya kumwaga

Salfa haiendi kwa metali ya mpito (nikeli, shaba, kobalti na wenzao) kama maji yanavyokwenda. Maji hutoa jozi ya elektroni, hushika, na likija jambo zuri zaidi huachia. Atomu ya salfa ni kubwa, elektroni zake za nje ziko mbali na kiini na hazijakazwa, kwa hiyo inaweza kufanya mambo mawili: kuiazima metali elektroni ili bondi ifungwe, au kuipa kabisa na kwenda zake. Hilo la pili ndilo linalotutia matatani. Shaba ya bluu inapoteza rangi. Ligandi, yaani molekuli yenye salfa iliyotakiwa kuishika metali, inajifunga mbilimbili, salfa kwa salfa, na kuelea kama unga. Mwanafunzi anaandika "kompleksi haikutengenezeka", yaani metali na ligandi hazikushikana, anamwaga, anaanza upya, anapata kilekile.

Kwa hiyo kabla hujailaumu chumvi ya metali, uliza salfa imepatwa na nini. Nimejaribu kupanga dalili kadiri zinavyojitokeza kwenye bika, nikitegemea zaidi dietildithiokabamati ya sodiamu, ligandi yenye salfa mbili za kushikia. Si kwamba ndiyo bora kuliko zote, bali haihitaji sanduku la naitrojeni, haina bei ya kutisha, na wengi wanaofanya mradi wa mwaka wa mwisho huanzia hapo.

Rangi za kukumbuka, ligandi hiyo ikishafunga: nikeli kijani, shaba kahawia nzito, zinki nyeupe, kobalti kijani kilichokolea, chuma karibu nyeusi. Ukipata tofauti na hizo, endelea kusoma.

Mmumunyo wa ligandi umetia ukungu na unanuka kabichi iliyooza

Hapa metali haijaingia, na kazi imeshaharibika. Dithiokabamati haipatani na asidi. Ikipokea protoni inavunjika, inatoa disalfidi ya kaboni na amini iliyotengenezea ligandi. Kwenye pH ya 2 ni suala la sekunde. Kwenye pH ya 9 au 10 mmumunyo hukaa vizuri. Harufu ile ni disalfidi ya kaboni pamoja na machafu yake.

Asidi imetoka wapi? Sababu ya kawaida ni maji. Duka likikuuzia "maji ya betri" soma chupa vizuri, maana kwa jina hilohilo kuna maji safi ya kuongezea na kuna asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Nimeona darasa zima likipoteza asubuhi kwa sababu hiyo. Sababu ya pili ni bika lililosuuzwa kwa asidi ya naitriki na kukaushwa bila suuzo la mwisho. Asidi ya naitriki inakuletea hasara mbili: inavunja ligandi na inaioksidisha.

Sababu ya tatu haionekani mpaka dakika ya kuchanganya, nayo ni chumvi ya metali yenyewe. Mmumunyo wa kloridi ya chuma(III) wa molari 0.1 (namba ya kwenye mabano ni idadi ya elektroni ambazo metali imepoteza) una pH karibu na 2, kwa sababu ioni ya chuma inayabana maji mpaka yanaachia protoni. Ukidondoshea ligandi humo, matone ya kwanza yote yanakufa. Geuza mpangilio: weka ligandi kwenye bika, koroga, kisha dondoshea metali polepole, ili wakati wote ligandi iwe nyingi na mmumunyo ubaki upande wa besi. Badiliko hili moja limeniokolea kazi nyingi kuliko kifaa chochote cha bei.

Tahadhari hapa si ya kupamba ukurasa. Disalfidi ya kaboni inachemka nyuzi 46, na mvuke wake unaweza kushika moto ukigusa tu kitu chenye joto la nyuzi 100 hivi, bila mwali wala cheche. Jiko la umeme la maabara linatosha. Kwa hiyo mabaki ya dithiokabamati hayamwagiwi asidi, wala hayatupwi kwenye chupa moja na taka za asidi.

Ajabu ni kwamba uharibifu huuhuu una kazi ya maana mahali pengine. Maabara zinazopima kwenye nyanya mabaki ya mancozeb, dawa ya ukungu ambayo nayo ni dithiokabamati, huchemsha mboga na asidi na kloridi ya bati(II), kisha hupima disalfidi ya kaboni inayotoka. Kinachokuharibia wewe kazi, wao ndicho wanachokihesabu.

Unga mweupe wenye mafuta unaelea juu, na hukutia zinki

Huo kwa kawaida ni disalfidi ya tetraethilithiuramu: ligandi mbili zilizopoteza elektroni moja moja na kushikana. Hauyeyuki kwenye maji na unayeyuka kwa joto la nyuzi 70 hivi, kiwango cha chini mno kwa kompleksi yoyote ya ligandi hii. Kifaa cha kupima kiwango cha kuyeyuka, hata kile cha zamani cha kipimajoto cha kioo, kinamaliza ubishi kwa dakika 10.

Waliomo kwenye mashaka ni watatu: ligandi iliyokaa wazi miezi mingi na kugeuka njano, chuma(III) au shaba(II) iliyotiwa kwa wingi kupita ligandi, na asidi ya naitriki niliyoitaja. Kuosha ni rahisi, kwa ethanoli vuguvugu, ambayo huuchukua unga huo na kuacha sehemu kubwa ya kompleksi kwenye karatasi. Kuosha hakurudishi ligandi iliyopotea, lakini walau kipimo chako cha infraredi, kile kinachosoma mitikisiko ya bondi, kitakuwa cha kitu kimoja.

Unga huo, kwa njia, ndio dawa ya disulfiram wanayopewa watu wanaoacha pombe. Hald na Jacobsen wa Denmark ndio walioieleza kazi yake mwaka 1948. Mwilini inarudi kuwa ligandi uliyoanza nayo, na inakamata shaba kama inavyoikamata kwenye bika lako.

Maji yaliyochujwa bado ni ya kijani

Nikeli imebaki, ligandi imeisha. Kabla ya kutafuta sababu za ndani, rudi kwenye mizani. Dietildithiokabamati ya sodiamu ya dukani huja na maji 3 ya fuwele, na uzito wake wa moli ni gramu 225.3. Vitabu vingine vinatoa 171.3, uzito wa ile kavu. Ukihesabu kwa 171.3 na kupima kile chenye maji, kila milimoli 2 ulizodhani umeweka ni milimoli 1.5 tu. Robo ya nikeli yako haitapata mwenzi, itapita kwenye karatasi ikiwa bado imezungukwa na maji 6, kijani kile cha majani mabichi.

Kwa milimoli 1 ya nikeli, yaani gramu 0.238 za kloridi yake yenye maji 6, pima gramu 0.45 za ligandi. Zao lote lisizidi gramu 0.355. Likizidi, usishangilie, hujalikausha, au lina chumvi ya sodiamu ndani. Osha kwa maji mpaka maji ya kuoshea yasitoe mashapo meupe kwa naitreti ya fedha.

Zinki ilitakiwa iwe nyeupe, imetoka rangi ya khaki

Dalili hii ndiyo inayoniletea watu wengi, na jibu ni lilelile karibu kila mara: shaba. Kompleksi ya shaba ya ligandi hii inafyonza mwanga karibu na nanomita 435 kwa nguvu kubwa sana, ndiyo maana wakemia wa uchambuzi wameitumia miaka mingi kupima shaba kidogo mno kwenye maji na vyakula. Kiasi ambacho mizani yako haiwezi kukiona kinatosha kuchafua nyeupe yote.

Tena shaba haihitaji kungoja nafasi. Katika dithiokabamati metali zina foleni yake, na shaba iko mbele ya nikeli, nikeli mbele ya zinki. Zebaki na fedha ziko mbele zaidi ya zote hizo. Aliye mbele anamwondoa aliye nyuma. Jaribu mwenyewe: yeyusha kompleksi nyeupe ya zinki kwenye kloroformu, tia matone machache ya mmumunyo mwepesi wa salfeti ya shaba, tikisa. Tabaka la chini linakuwa kahawia mbele ya macho yako, na zinki inapanda kwenye maji. Ukishaliona hilo mara moja hutasahau kusuuza vyombo.

Tafuta shaba kwenye bomba la shaba nyeupe lenye kutu ya kijani, kwenye mtambo wa kukenekea maji wenye mirija ya shaba, kwenye kijiko cha mwenzako aliyepima salfeti ya shaba jana. Ukitaka kumkamata mhalifu, chukua ligandi kidogo, maji yako, na kloroformu, bila metali yoyote, tikisa kwenye neli. Kahawia ikitokea, ni maji au ligandi. Isipotokea, ni chumvi ya zinki.

Upande wa pili wa sarafu hiyohiyo: ukipima zinki kwa viwango vya chini na namba zinaruka, tazama mikono yako. Glovu za mpira nyingi hukazwa kwa viharakishi, na baadhi ya viharakishi hivyo ni dithiokabamati za zinki. Ndizo pia zinazowawasha ngozi baadhi ya wahudumu wa hospitali wanaodhani wanaudhiwa na mpira wenyewe.

Kobalti imetoka kijani, na hesabu haikubali

Umeweka kobalti(II), waridi, ukaweka ligandi 2 kwa metali 1, ukapata kijani cheusi na uchambuzi wa kaboni unaoonyesha ligandi 3. Hujakosea kupima. Ikishashikwa na salfa, kobalti(II) inaipa hewa elektroni moja kwa urahisi na kuwa kobalti(III), yenye elektroni 6 za d (zile za nje za metali zinazoamua rangi na sumaku) zote zikiwa zimepangana mbilimbili, imara na isiyovutwa na sumaku. Weka ligandi 3 tangu mwanzo, koroga wazi, na uandike kobalti(III) kwenye ripoti. Manganizi nayo hufanya hivyohivyo: njano isipopata hewa, zambarau nzito ikipata.

Kisha NMR ya kobalti, kipimo cha sumaku kinachosoma protoni za molekuli, inamtia mtu wasiwasi mwingine. Kilele cha CH2 hakitoki mistari 4 safi, kinatoka kichaka. Mtu anasafisha mara 3, kichaka hakiondoki. Hakina uchafu. Ligandi 3 zenye meno mawili, yaani kila moja inashika kwa atomu mbili, zikizunguka metali moja hujipanga kama parapela, ya kulia au ya kushoto, na ndani ya mpangilio huo protoni 2 za CH2 hazilingani tena. Nikeli, ambayo ni bapa, haina shida hiyo, na mistari yake 4 hutoka vizuri.

Chuma kimetoa namba ya sumaku isiyoeleweka

Chuma(III) kikiwa na elektroni 5 zisizo na wenzi hutoa karibu 5.9 kwa kipimo cha magnetoni za Bohr; kikiwa na 1 hutoa karibu 2. Wewe umepata 4 na kitu. Maelezo ya haraka ni kwamba sampuli ni chafu. Maelezo sahihi ni kwamba tris-dietildithiokabamati ya chuma(III) iko katikati: sehemu ya molekuli iko kwenye hali moja, sehemu kwenye nyingine, na mgawanyo unabadilika kwa joto. Cambi na Szegő waliliona hili Italia mwaka 1931, miongo mingi kabla ya neno lenyewe la mabadiliko ya spini kuwa la mtindo. Namba peke yake haina maana, iandike pamoja na joto. Asubuhi ya nyuzi 22 na mchana wa nyuzi 33 si kipimo kimoja. Ukitaka kuthibitisha, poza sampuli: namba ikishuka, una kitu ulichokuwa unakitafuta.

Shaba na thiourea: bluu imepotea, fuwele nyeupe zimejitokeza

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kosa hili nimelisoma kwenye ripoti nyingi mno. Mtu anachanganya kloridi ya shaba(II) na thiourea, ligandi nyingine ya salfa, anapata fuwele nyeupe nzuri, na anaandika fomula yenye shaba(II). Shaba(II) ina elektroni 9 za d. Ikishikwa na salfa, hufyonza mwanga unaoonekana. Kitu cheupe ni cha shaba(I), elektroni 10, hakuna nafasi ya kurukia. Thiourea iliipa shaba elektroni kabla ya kuishika.

Hesabu nayo inabadilika, na hapa ndipo zao linapopungua bila sababu inayoonekana. Kila ioni ya shaba inaua thiourea 1 ili ipate elektroni yake, na thiourea hizo zinashikana mbilimbili kuwa disalfidi ya formamidini. Ukitaka kompleksi ya shaba(I) yenye thiourea 3, inakubidi uweke 4 kwa kila shaba. Ukiweka 3, utapata mchanganyiko na utaulaumu mfuko wa chumvi.

Disalfidi hiyo haitulii kwenye mmumunyo usio na asidi. Inavunjika na kutoa salfa tupu, ukungu wa njano hafifu unaopita karatasi ya chujio. Kwa hiyo thiourea, kinyume kabisa na dithiokabamati, inapenda asidi kidogo: tone la asidi ya haidrokloriki linausafisha mmumunyo. Ukienda upande mwingine, ukatia besi na kupasha moto, thiourea yenyewe inavunjika, inatoa salfidi, na kila kitu kinakuwa cheusi. Weusi huo ni salfidi ya shaba, hauna dawa. Mwage kwenye chupa ya taka za metali. Usiuongezee asidi, kwa sababu mabaki ya salfidi yatatoa gesi ya mayai yaliyooza, ambayo inaua pua kwanza na mwenye pua baadaye.

Kama shida yako ni kupata shaba(II) yenye salfa, achana na thiourea. Dithiokabamati inaivumilia shaba(II) vizuri.

Tope lisiloyeyuka popote

Dalili ya thioli, molekuli yenye kundi la SH. Umeweka nikeli au zinki na thioli ya kawaida, limetoka tope, na halitaki maji, ethanoli, kloroformu wala chochote cha rafuni. Salfa ya thiolati, yaani thioli iliyopoteza protoni yake, ikishashika metali moja bado ina jozi za elektroni za kushikia ya pili, hata ya tatu. Kila metali inafungwa kwa jirani, na unapata mnyororo au wavu badala ya molekuli.

Wanakijiji wenye nyanya wanalijua jambo hili bila kulitaja. Mancozeb ni ligandi yenye vichwa viwili, dithiokabamati kila upande, ikiunganisha manganizi na zinki katika mnyororo. Haiyeyuki, ndiyo maana pampu ya kupulizia dawa ya ugonjwa wa bakajani hutikiswa mara kwa mara la sivyo dawa yote inalala chini.

Njia za kutoka: ligandi yenye meno mawili inayozunguka metali ileile badala ya kwenda kwa jirani, kundi kubwa kando ya salfa linalozuia jirani asikaribie, au kuzijaza nafasi nyingine za metali kwa ligandi tofauti, mathalan bipiridini au fosfini, kabla thioli haijaingia. Kupunguza mkolezo na kumwaga metali ndani ya ligandi iliyo nyingi husaidia kidogo, lakini usitegemee hilo peke yake. Fanya pia haraka: kwenye besi, hewa na shaba kidogo hugeuza thioli kuwa disalfidi.

Jina la zamani la thioli, merkaptani, alilitoa Zeise wa Denmark miaka ya 1830 kutoka Kilatini, likimaanisha kinachokamata zebaki. Hizo mbili ni chanda na pete. Kipimajoto cha zebaki kikivunjika karibu na thioli zako, hesabu jaribio limekwisha.

Infraredi inasema vitu viwili

Kwenye dithiokabamati tazama eneo la 1000 kwa sentimita. Mstari mmoja maana yake salfa zote mbili zimeshika sawa. Ukigawanyika kwa zaidi ya 20 hivi, pengine moja imeshika na nyingine inaning'inia, au bado una ligandi ambayo haijafungwa. Mstari wa C na N, kati ya 1480 na 1550, unapanda ligandi inapofungwa. Usipopanda, una chumvi ya sodiamu.

Thiosianati ina ncha mbili, salfa huku na naitrojeni kule, na metali inachagua. Chuma, kobalti na zinki hushika naitrojeni. Paladi, platini na zebaki hushika salfa. Mstari wa C na S unatoa siri: karibu 780 hadi 860 kwa naitrojeni, karibu 700 kwa salfa. DMSO, kiyeyusho chenye salfa na oksijeni, ni hivyohivyo: mstari wake uko 1055 ikiwa huru, inapanda ikishika kwa salfa, inashuka ikishika kwa oksijeni. Ukiona mstari karibu na 1055 na kompleksi yako ilioshwa kwa DMSO, hujakausha.

Na ule mlima mpana wa 3400, pamoja na kilima cha 1630? Ukiwa pwani, kabla hujaandika kwamba nikeli yako imeshika maji, tengeneza kidonge cha bromidi ya potasiamu kitupu, bila sampuli, ukipime. Mlima ukiwepo, ni unyevu wa hewa ulioingia kwenye bromidi. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 usiku kucha, iache ipoe kwenye chombo chenye jeli ya silika, na upime tena asubuhi kabla joto halijapanda.